Kuanza matibabu ya uzazi mkiwa Mtwara au Lindi: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya maswali nayapata sokoni, kwenye vikoba, hata msibani mtu anakuvuta pembeni anakuuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ameiba kitu. Mimi sio daktari, ni mke wa mtu, tumeipita hii njia na mume wangu na tangu hapo watu wanajua mlango wa kugonga. Ntajibu kama navyowajibu ana kwa ana. Kitu kimoja mtakiona kinajirudia humu ndani, muende WAWILI, tangu siku ya kwanza.

Tuna miezi saba kwenye ndoa na bado hola. Twende hospitali?

Inategemea umri wa mwanamke. Shirika la Afya Duniani linahesabu tatizo la uzazi pale mnapokutana mara kwa mara bila kinga miezi 12 na mimba haijaingia. Kama mke yuko chini ya miaka 35 na hedhi yake inakuja vizuri, miezi saba bado ni mapema, endeleeni. Akishavuka 35 msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha, na akifika 40 nendeni mara moja tu.

Ila kuna watu hata kama wana miaka 24 wasikae kusubiri kalenda: ambaye hedhi inapotea miezi miwili mitatu, ambaye maumivu ya hedhi yanamlaza kitandani, aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi, aliyewahi kuumwa sana tumbo la chini baada ya kujifungua au mimba kutoka, na mwanaume aliyefanyiwa opereshen ya korodani au korodani haikushuka utotoni. Hao waende tu.

Na msijione wa ajabu jamani. Ripoti ya hilo Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inasema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anakutana na hili jambo maishani. Mtaa wako mzima una watu wa hivyo, hawasemi tu.

Siku za hatari ni zipi hasa? Kila mtu ananiambia yake.

Yai likitoka linaishi kama saa 12 mpaka 24, basi. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani hadi siku 5 zikisubiri. Kwahiyo siku zenyewe ni zile tano kabla yai halijatoka pamoja na siku linapotoka. Yai linatoka takriban siku 14 KABLA ya hedhi inayofuata, sio siku ya 14 baada ya kuanza, hapo ndo wengi wanapokosea. Mwenye mzunguko wa siku 28 atakuta ni ile ile 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka kama siku ya 21, akihesabu ya 14 anakuwa ameenda kituoni basi halijafika.

Kama hesabu zinawachosha, kutaneni kila baada ya siku mbili, hakuna haja ya kalenda ukutani. Kuinua miguu juu ya ukuta baada ya tendo hakuongezi kitu. Mate na mafuta ya kupaka kama kilainishi, acheni, vinaziumiza mbegu.

Nani aanze kupimwa?

Mwanaume. Au wote siku moja, lakini asiwe mke peke yake.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu mambo yanaenda kinyume, mwanamke anazungushwa mwaka mzima, utrasaundi, sindano, dawa za kienyeji, kapigwa eksrei ya mirija, mshahara umeisha, halafu mwisho wa safari ndo mtu anakumbuka kumuuliza baba mwenye nyumba. Karibu nusu ya ndoa zenye hili tatizo, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Na kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote, hachomwi, hakatwi, anatoa manii kwenye kikopo wanaangalia kwenye hadubini.

Masharti yake yafuateni vizuri maana majibu yanaweza kudanganya. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Atoe kwa mkono, bila sabuni wala mate wala mafuta, na asitumie kondomu ya kawaida kukinga. Zote ziingie kwenye kikopo cha maabara, zikidondoka za mwanzo aseme. Kama anatolea nyumbani zifike ndani ya saa moja, kikopo akiweke karibu na mwili, sio kwenye mfuko wa barafu wala juani kwenye tangi la pikipiki.

Majibu mtaona wameandika ujazo, idadi, mwendo na umbo. Kiwango cha chini wanachotumia kwenye mwongozo wa WHO wa 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja, milioni 39 kwa mmwago mzima, na zinazotembea ziwe asilimia 42. Ukiwa chini ya hapo haimaanishi huzai, inamaanisha inaweza kuchukua muda zaidi au mtahitaji msaada. Kikitoka vibaya rudieni, kama baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwahiyo malaria au homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye kipimo cha leo.

Mume wangu ni mzima kitandani, ana nguvu, na hataki kabisa kupimwa. Nifanyeje?

Nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo lingine. Kuna mwanaume yuko imara kama mnazi na kikopo hakina mbegu hata moja, na manii yake yanaonekana kawaida tu, huwezi kujua kwa macho. Habari za "nyepesi" na "nzito" kwa kuangalia hazisemi kitu.

Sasa kumshawishi. Usimwambie mbele ya mama yake wala mbele ya dada zako. Wengine wamefanikiwa kwa kumpitia rafiki yake ambaye ameshapima, wengine kwa kumwambia "daktari amesema hawezi kuniandikia dawa mpaka aone cheti chako", na huo sio uongo, daktari anayejua kazi yake ndivyo anavyosema. Na kama anasema ana mtoto nje kwahiyo hana tatizo, mwambie taratibu kwamba mtoto wa miaka tisa iliyopita hawezi kutoa ushahidi wa mbegu za mwaka huu.

Kaka zangu mnaosoma, vitu vinavyoshusha mbegu mnavijua: sigara, bangi, uraka na gongo kila jioni msimu mzima, joto la muda mrefu huko chini. Na hiki wengi hawakijui, sindano na vidonge vya testosteroni ambavyo vijana wa jimu wanachoma ili wajazie, vinauambia mwili uache kutengeneza mbegu. Mtu anaongezeka kifua huku kikopo kinakuwa kitupu. Akiacha mara nyingi zinarudi ila ni miezi, sio wiki.

Ana busha. Linazuia?

Swali la pwani yetu hili. Busha kubwa linaongeza joto na mgandamizo kwenye korodani kwahiyo linaweza kuchangia, na lingine linasumbua hata tendo lenyewe. Lakini wapo wenye busha wenye watoto tele. Apime mbegu, aonwe na daktari wa upasuaji, opereshen yake ni ya kawaida hospitali za huku. Asione aibu, tangu lini Lindi na Mtwara busha likawa siri.

Cha kuchanganya na busha ni mishipa ya korodani iliyovimba kama kamba kamba, upande wa kushoto mara nyingi. Hiyo nayo inahusika na mbegu chache na inatibika. Aliyeugua machubwichubwi ukubwani mpaka korodani ikavimba aseme pia.

Na mimi mke ntapimwa nini?

Mambo makubwa ni matatu, yai linatoka? mirija iko wazi? kizazi kiko sawa?

Kama hedhi yako inakuja kila baada ya siku 21 mpaka 35 bila kuruka ruka, yai uwezekano mkubwa linatoka. Wanaweza kuhakikisha kwa kupima projesteroni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Homoni za FSH na LH, zinazoliamrisha yai likue na litoke, zinapimwa siku ya 2 au ya 3 ya hedhi, usiende tarehe yoyote ile ukatoa hela bure. AMH, inayokadiria akiba ya mayai, siku yoyote. Wataongeza thairoidi na prolaktini (homoni ya maziwa) hasa kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi. Utrasaundi inaangalia uvimbe kwenye kizazi na jinsi ovari zilivyo.

Magonjwa ya zinaa mpime wote na mtibiwe wote. Klamidia na kisonono ndo vinara wa kuziba mirija, na klamidia inaweza kukaa mwilini bila dalili hata moja. Kama mmekulia sehemu za mabwawa na mito na uliwahi kukojoa damu utotoni, mwambie daktari kuhusu kichocho, kinaweza kuathiri viungo vya uzazi vya mwanamke na watu hawakifikirii. Kifua kikuu nacho kinaingia mpaka kwenye mirija.

Wakati mnazunguka na vipimo anza vidonge vya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, vinamkinga mtoto na matatizo ya uti wa mgongo na vinatakiwa viwepo mwilini kabla mimba haijaingia.

Kipimo cha mirija kinauma?

Kinauma, sikudanganyi, ila dakika chache. Kinaitwa HSG, wanapitisha dawa kwenye mlango wa kizazi halafu wanapiga eksrei waone kama inamwagika pande zote mbili. Kinafanywa hedhi ikishakata na kabla ya siku ya 10 hivi, ili kuhakikisha huna mimba. Uliza kama unaweza kumeza dawa ya maumivu saa moja kabla. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kuna wanaoshika mimba miezi michache baada ya hicho kipimo tu bila matibabu mengine.

Vipi dawa za kusafisha kizazi na kuzibua mirija? Kuna mama mmoja anauza, watu wanamsifia.

Hapa ndo hela za watu zinapoishia. Mrija uliozibwa na kovu hauzibuliwi na chai, wala na unga, wala na kitu cha kuweka ukeni. Kovu ni kovu. Na kizazi hakihitaji kusafishwa, kinajisafisha kila mwezi chenyewe. Vile vya kuingiza ukeni vinaunguza, vinaleta maambukizi, na maambukizi ndo hayo hayo yanayoziba mirija, kwahiyo unalipia ugonjwa.

Sina ugomvi na bibi zetu, kungwi aliyenifunda mimi bado namheshimu na mengi aliyonifundisha yananisaidia mpaka leo. Lakini kama unakunywa kitu, mwambie daktari ni nini, maana mizizi mingine inagongana na dawa za homoni. Na waganga wanaosema umefungwa na shangazi wa mume, hao wanavunja ukoo halafu wanachukua na kuku.

Naweza kununua Clomid duka la dawa nikaanza mwenyewe? Shoga yangu alipata mapacha.

Usifanye. Clomid na letrozoli ni dawa za kusukuma yai kwa mwanamke ambaye yai halitoki, kama wale wenye ovari zenye vijifuko vingi, na kwa hao siku hizi madaktari wengi wanaanza na letrozoli. Kama mirija imeziba au mumeo hana mbegu, utameza miezi sita na hakuna litakalotokea zaidi ya kichwa kuuma na jasho. Mapacha nao wanasikika vizuri kwenye simulizi, ila mimba ya mapacha ni hatari zaidi, uchungu kabla ya wakati, presha, watoto wadogo sana. Kwa Clomid kama mimba 5 mpaka 10 kati ya 100 zinakuwa pacha. Unywe ukiwa unafuatiliwa kwa utrasaundi.

Nilichoma sindano za uzazi wa mpango. Zimeniharibu?

Hapana, zimechelewesha. Depo inaweza kuchukua kama miezi 10 toka sindano ya mwisho, wengine mwaka na zaidi, ndo mimba iingie. Vidonge, vijiti na kitanzi uzazi unarudi haraka baada ya kuacha. Ukipitiliza muda huo tafuta sababu nyingine.

Tuna mtoto mmoja tayari wa miaka 6. Kwanini wa pili haji?

Kwa sababu miaka sita imepita kwenye miili yenu. Umri, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya opereshen, uvimbe uliokua, mbegu zilizoshuka. Vipimo ni vile vile. Hospitali mtaambiwa na baadhi ya watu "si mnaye mmoja", msijali, kaeni kwenye foleni.

Huku Kusini tuanzie wapi?

Anzieni karibu, msikimbilie Dar. Mtwara kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Lindi mjini kuna Sokoine, walioko Masasi na vijijini kwake wana Mkomaindo na Ndanda, na upande wa Lindi ndani kuna Nyangao. Pigeni simu au ulizeni kwanza daktari wa magonjwa ya wanawake anakaa siku gani na kama HSG inafanyika wiki hiyo, kabla hujapanda gari toka Newala au Liwale ukakuta mashine mbovu.

Nendeni na daftari. Andika tarehe za hedhi za miezi sita, dawa zote, opereshen zote, mimba zote hata zile ambazo mume hazijui (hizo unaweza kuomba kumwambia daktari peke yako, ni haki yako). Kila karatasi ya majibu omba kopi uiweke kwenye faili moja. Watu wanarudia vipimo vile vile hospitali tatu kwa sababu karatasi ilifungiwa maandazi.

IUI na IVF tofauti yake nini?

IUI, wanachukua mbegu za mume, wanazisafisha, wanachagua zenye mwendo, wanaziweka ndani ya kizazi siku ya yai. Inahitaji mrija angalau mmoja ulio wazi na mbegu zisiwe chache sana.

IVF ni nzito. Mke anachomwa sindano kila siku kama siku 8 mpaka 14 ili mayai mengi yakue kwa pamoja, anafuatiliwa kwa utrasaundi, anapewa sindano ya mwisho, na karibu saa 36 baadae yanavunwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Yanakutanishwa na mbegu maabara, na siku ya 3 au ya 5 kiinitete kinarudishwa kwenye kizazi. Mbegu zikiwa chache sana wanachoma moja moja ndani ya yai, hiyo ndo ICSI. Mtoto wa kwanza wa IVF alizaliwa Uingereza Julai 1978, kwahiyo ni mtu mzima saivi, na yeye mwenyewe ana watoto. Sio majaribio.

Lakini sio uhakika pia. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 kila kiinitete kinachopandikizwa kina nafasi kama thuluthi moja ya kuleta mtoto, na ukivuka 40 inashuka vibaya sana. Kituo kinachokuahidi asilimia mia, toka. Muulize daktari pia kama mrija wako una maji ndani, maana huo unapunguza nafasi na mara nyingi unashughulikiwa kwanza kabla ya kupandikiza. Na kama baada ya kuvuna mayai tumbo linavimba haraka, unatapika, pumzi inakata, mkojo haupatikani, usiku huo huo hospitali, usisubiri asubuhi.

Hela tunazipata wapi? Na bima?

IVF ni mamilioni ya shilingi, na kwa sisi wa huku ongeza nauli ya kilomita 500 na kitu toka Mtwara mpaka Dar, kulala, kula, na siku za kazi zilizopotea. Bima msiitegemee mpaka mmeuliza ofisini kwao kifungu kwa kifungu, maana vipimo vya kawaida vinaweza kulipwa na matibabu yenyewe yasilipwe.

Wakulima wengi wanapanga kwa msimu, korosho zinaenda ghalani, mnada unapita, malipo yakiingia kwenye akaunti ndo safari. Sawa, ila fanyeni vipimo vya karibu KABLA ya msimu, ili hela ikiingia mnajua mnaenda kutibu nini. Na mkiwa Dar ulizeni kama mnaweza kuvuna mayai safari ya kwanza, viinitete vigandishwe, mrudi kupandikiza baadae, inagawa gharama na mwili unapumzika. Kugandisha nako kuna malipo yake ya kila mwaka, ulizeni.

Msiuze shamba lote la mikorosho kwa mzunguko mmoja. Kaeni chini kabla, mkubaliane mnajaribu mara ngapi.

Dini inaruhusu?

Waislamu, msimamo wa wanazuoni wengi wa Kisunni, na fatwa ya Al-Azhar ipo toka 1980, ni kwamba inafaa pale yai ni la mke, mbegu ni za mume, ndoa ipo hai, na hakuna mtu wa tatu. Mayai au mbegu za mtu mwingine, hapana. Wakatoliki, Kanisa linakataa IVF, limeandika hivyo mwaka 1987, ila kutibu uvimbe, kuzibua kwa upasuaji, dawa za kusukuma yai, hayo hayana shida. Ongea na sheikh au padri wako mapema, sio ukiwa umeshalipa nusu.

Ndugu wananisumbua. Mama anasema nimuache mume nikazae kwingine.

Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mtoto anahesabiwa kwa mama, kwahiyo shinikizo linatoka nyumbani kwenu wewe mwanamke, wajomba wanataka ukoo uendelee, na mume anaonekana mgeni aliyeshindwa kazi. Sehemu nyingine anasemwa mke, huku wanasemwa wote wawili kwa zamu. Kubalianeni jibu moja, fupi, "tuko hospitali, tutawaambia", na kila mmoja alijibie upande wake. Usimtupie lawama mwenzio. Majibu ya vipimo ni ya wawili, hata kama tatizo liko upande mmoja mnasema "sisi". Akipatikana mjomba mmoja mwenye busara mwambieni ukweli, atawanyamazisha wengine.

Tunaishi na VVU, turuhusiwe kweli?

Ndio. Mkinywa dawa vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo, humuambukizi mwenzio kwa tendo, na hatari kwa mtoto inashuka sana. Mwambieni mtoa huduma wa CTC, kliniki mnapochukulia dawa za VVU, kwamba mnatafuta mtoto ili aangalie dawa zenu na wingi wa virusi kwanza.

Nimeshapandikizwa. Nikae kitandani? Na nipime lini?

Kitandani hapana, tembea, pika, ila usibebe ndoo za maji wala magunia. Dawa za projesteroni usiruke hata moja. Kupima subiri tarehe uliyopewa, kama wiki mbili hivi, kwa damu. Ukinunua kipimo cha mkojo siku ya tano kinaweza kukudanganya pande zote mbili, ile sindano ya mwisho kabla ya kuvuna mara nyingi ina homoni ile ile ya mimba na inaweza kubaki mwilini siku 10 na zaidi ikakuonyesha mistari miwili ya bure, au ikawa mapema mno ukaona mmoja ukaacha dawa. Matone kidogo ya damu hayamaanishi imetoka. Usiache dawa mpaka wao waliokupandikiza wakuambie acha.